Mtaka cha Mvunguni

Nani hushona mfarishi Kisumu,
mji ambao hata shuka la usiku ni mzigo,
ambao saa nane mchana bati la Kaloleni
hulia kama karanga kikaangoni?

Majirani wanauliza. Dorsila hawajibu.
Amekaa mkekani, miguu ameinyoosha,
mtoto wa jicho amemfunika kushoto na kulia,
na ananiambia mimi, "Inama."

Nainama. Mvunguni mna gunia la sukari,
ndani yake miaka arobaini ya vipande:
pindo la gauni la ubatizo,
mfuko wa sare ya shule wenye doa la wino,
pazia la nyumba tuliyofukuzwa,
na leso iliyokatwa katikati ya maneno,
inasema MGENI NI
basi. Mgeni ni nini, haisemi tena.

Miaka kumi na tisa nilikunja kitambaa kiwandani,
maili juu ya maili,
mpaka asubuhi ile tulipokuta lango lina mnyororo.
Sikuwahi kushona hata kifungo.
Leo kazi yangu ni kutunga uzi
na kutaja rangi.

"Hii?"
"Bluu."
"Bluu ipi? Ya kipande cha sabuni?
Ya ziwa kabla mvua haijashuka?
Au ile ya wanakwaya, iliyofuliwa ikachoka?"
Naisogeza dirishani. Naigeuza.
Sikujua kwamba bluu nazo zina koo zake.

Vingine hata haniulizi. Anavisugua kwa gumba:
"Poplini. Hii flaneli, iwe upande wa mtoto.
Hii krimplini ya dada Peresila,
alinuna nayo hadi akazikwa.
Iweke pembeni, asije akamnunia mjukuu."

Maana mfarishi unapanda Molo,
huko Awiti wetu anakofundisha, tumbo mbele,
huko viazi huamka vimefunikwa sakitu
na mkono wa mama hukataa kutoka blanketini.

Kisha kidole chake kikasimama.
"Na hii yenye mistari?"
Nikakohoa.
"Hii ni shati lako la kwenda kwa baba yangu.
Umelikata lini?"
"Asubuhi. Ulipokuwa unaoga."
Hakusema kitu. Akalinusa.
Akalilaza juu ya goti, akalinyoosha kwa kiganja
kama anayetafuta kola isiyokuwepo.
"Ungeniuliza," akasema,
na sindano yake ikaendelea.

Usiku huo mvua ya Nandi ilitufikia na stima ikakatika.
Mimi nikaacha kila kitu palepale,
mkasi wazi, uzi mdomoni.
Yeye nikamsikia: tup, kisha mvuto mrefu,
tup, kisha mvuto mrefu.

"Mbona umenyamaza?"
"Stima imepotea."
"Ala! Imepotea lini?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Halafu akasema, lete mkono.
Akanishikisha kitambaa, akaniwekea kidole
pale mshono wa mwisho ulipoishia.
Nikadunga. Nikajidunga.
"Karibu," akaniambia.

Nilishona gizani kama dakika ishirini,
jasho likinishuka kana kwamba napakia marobota.
Stima iliporudi nikaona kazi yangu:
nyayo za kuku aliyelewa busaa.
Yeye alipitisha kidole mara moja tu,
akaomba wembe, akafumua yote.

Leso tumeipa nafasi karibu na shingo.
MGENI NI, na pembeni mwake mistari ya shati langu.
Awiti amepiga simu: daktari anasema wiki mbili.
Bado bitana.

Jumapili nitaamka mapema niende Kibuye,
kwenye marundo, kabla wachuuzi hawajachambua.
Dorsila amenipa pesa zimefungwa ndani ya kitambaa
na amenionya mara tatu
nisinunue kwa macho.